Leseni Mkononi, Kazi Bado: Kwa Kijana Anayetaka Kuwa Rubani



Mada niliyopewa ni hii: kijana aliyetoka shule ya urubani afanye nini hadi aajiriwe na shirika dogo la ndege, haya mashirika ya safari za ndani na nchi jirani. Niseme mapema kwamba mimi si rubani. Diploma yangu ni ya mambo mengine kabisa, na kazi yangu mnaijua: kukaa na vijana, kujaza fomu, kufuata karatasi maofisini, kutafuta mtu wa kumuuliza pale ambapo hatujui. Katika kazi hiyo nimekaa na vijana wenye leseni ya urubani ambao hawana kazi, na wachache ambao wamepata. Nimekaa na wazazi wao pia. Nitakayosema leo nimeyakusanya kwao, kisha nikayalinganisha na kanuni zenyewe.

Mambo huwa hivi. Kijana anafaulu hesabu na fizikia. Mjomba anasema, huyu awe rubani. Familia inakaa kikao. Kiwanja kinauzwa, mifugo inauzwa, shangazi aliye Saudia anatuma akiba yake. Kijana anaenda Nairobi. Baada ya muda anarudi na leseni, mabawa yamebandikwa kifuani, picha zinapigwa, pilau inaliwa. Halafu anakaa. Mwaka unapita. Mtaani wanaanza kumuuliza, "Kapteni, utatupeleka lini?" Anaanza kukwepa baraza za wazee. Babake naye anaogopa kusema kwamba kile kiwanja kimekwisha na mtoto yuko nyumbani.

Leseni na kazi ni vitu viwili, na katikati pana pengo. Hilo ndilo neno langu la leo. Pengo hilo lina gharama yake na muda wake, na linataka kupangiwa kabla hujalipa shilingi ya kwanza ya karo. Mkisahau mengine yote, hilo shikeni.

Sasa hebu tuone pengo lenyewe linatoka wapi.

Hapa kwetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Kanuni zake zinafuata viwango vya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO. Kwa viwango hivyo, kuna leseni ya rubani binafsi, ambayo unaweza kuipata ukiwa na miaka 17 na saa 40 za kuruka. Hiyo haikuruhusu kulipwa kwa kurusha ndege. Inayokuruhusu kufanya kazi ni leseni ya biashara, ile wenyewe wanaiita CPL. Yataka uwe na miaka 18 na saa 200, au 150 ukisomea kwenye kozi kamili iliyoidhinishwa. Ndani ya saa hizo pana mahitaji yake: saa ulizokuwa wewe ndiwe mwenye ndege, safari ya mbali ya kilomita 540 na kutua viwanja viwili tofauti njiani, saa za usiku, na saa za kuruka kwa kutegemea vyombo. Juu kabisa kuna leseni ya rubani wa mashirika, ATPL, yenye saa 1,500. Hiyo ndiyo anayohitaji kapteni wa ndege kubwa ya marubani wawili. Rubani msaidizi anaweza kukaa kiti cha kulia akiwa na CPL, mradi awe na kibali cha kuruka kwa vyombo na kibali cha aina ya ndege ile.

Kwa hiyo kisheria, kijana mwenye saa 200 anaweza kuajiriwa kesho. Sheria haimkatazi. Wanaomzuia ni wengine. Kampuni ya bima inamwambia mwenye ndege, sitaki rubani mwenye saa chini ya kadhaa. Mteja anayekodi ndege, iwe shirika la misaada au kampuni ya mafuta, naye anaweka masharti yake kwenye mkataba. Shirika lenyewe linaona heri limchukue mwenye uzoefu kuliko kufundisha mgeni. Hivyo unakuta tangazo la kazi linataka saa 500, au 1,000, au uzoefu wa aina fulani ya ndege. Kijana ana 200. Hapo ndipo pengo lilipo.

Wengine mnatazama video za Marekani kwenye simu, halafu mnachanganyikiwa. Kule ni tofauti. Mwezi wa Februari 2009 ndege ya shirika dogo, Colgan Air safari nambari 3407, ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Bunge lao likabadilisha sheria, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria kule huhitaji kwa kawaida saa 1,500. Wanaosomea vyuo fulani na waliotoka jeshini hupunguziwa. Kwa hiyo Mmarekani anajua tangu mwanzo kwamba akimaliza shule bado ana safari ya saa zaidi ya elfu, na wengi wao huzipata kwa kufundisha wengine kuruka. Kwetu pengo halijaandikwa kwenye sheria, na ndiyo maana familia nyingi hazilioni mpaka zimeshafika pale.

Tuje kwenye hesabu. Nachukua mfano tu, bei halisi nendeni mkaulize wenyewe shuleni. Tuseme saa moja ya ndege ndogo ya mafunzo ni shilingi 15,000. Saa 200 ni milioni 3. Hapo hujaweka ada za mitihani, daktari, saa za ndege ya injini mbili ambazo ni ghali zaidi, wala nyumba. Shule nyingi za urubani ziko Wilson, Nairobi. Kijana wa Mombasa, Lamu au Garissa lazima apange chumba South C au Lang'ata, ale, apande matatu. Na akikosa pesa katikati, anasimama miezi, mkono unasahau, akirudi anarudia masomo aliyokuwa amekwisha kuyalipia. Huko kukatika katikati ndiko kunakoongeza gharama kuliko chochote.

Sasa tuseme amemaliza ana saa 200, na tangazo linataka 500. Akisema anunue saa 300 kwa bei ile ile, ni milioni 4 na nusu. Yaani kuvuka pengo kwa kununua kunazidi bei ya shule yenyewe. Hakuna familia hapa ya kuweza hilo, na hakuna haja. Lakini mnaona kwa nini nasema lipangiwe mapema.

Kabla ya kufika huko, mzazi, jambo la kwanza kabisa ni daktari. Kabla ya karo, kabla ya kuuza chochote. Leseni ya biashara yataka cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa na KCAA. Si kila daktari. Wanapima macho, masikio, moyo, damu, historia ya kifafa, akili na mengineyo. Kuvaa miwani hakukuzuii, mradi ukiwa nayo unaona kwa kiwango kinachotakiwa. Kutotofautisha rangi ni tatizo kubwa zaidi, na wako vijana ambao hawajui kwamba wana shida hiyo mpaka siku ya kupimwa. Cheti chenyewe hufanywa upya kila mwaka, na kwa wenye umri mkubwa wakati mwingine kila miezi 6. Kijana anayegundulika na tatizo baada ya kulipa milioni amepoteza pesa za watu. Akigundulika mapema, amelipa ada ya daktari tu, na njia nyingine bado ziko: uhandisi wa ndege, uongozaji wa ndege, operesheni.

La pili, kabla ya kuchagua shule, nenda ukaulize maswali ya mnunuzi. Je, shule imeidhinishwa na KCAA, na cheti hicho bado kiko hai? Ina ndege ngapi zinazoruka leo, zisizokuwa gereji? Walimu wangapi? Mwanafunzi aliyeanza mwaka jana yuko saa ngapi sasa? Waliomaliza miaka miwili iliyopita, wangapi wanaruka kwa kulipwa? Usimuulize mtu wa ofisi peke yake. Kaa nje pale, zungumza na wanafunzi. Na usilipe karo yote kwa mkupuo. Lipa kwa awamu na udai risiti. Ukiamua kusomea nje, Afrika Kusini au Marekani, jua kwamba leseni ya huko lazima ibadilishwe na KCAA kabla ya kuajiriwa hapa, na kuna mitihani na malipo yake. Weka hayo kwenye hesabu.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Mashirika ni ya namna gani? Yako yale ya ratiba, kama Jambojet, lililoanza 2014 na ambalo ni tawi la Kenya Airways. Linatumia Dash 8-400, ndege ya propela mbili yenye viti zaidi ya 70, na linakwenda Mombasa, Malindi, Ukunda, Kisumu na kwingineko. Yako ya Wilson kama Safarilink, yenye Caravan na Dash 8, yanayopeleka watalii Mara, Diani na Lamu. Na yako mengi ya kukodishwa: mizigo, misaada, wagonjwa, miraa. Wilson imekuwa kitovu cha safari za Somalia na Sudan Kusini kwa miaka mingi. Tangu 1989, operesheni kubwa ya misaada ya Sudan ilipofungua kambi yake Lokichoggio, ndege za misaada zimewalea marubani wengi wa nchi hii. Kazi hiyo haina picha nzuri za Instagram. Ni joto, ni vumbi, ni kiwanja cha udongo. Lakini saa zinaandikwa.

Ndege ambayo wengi huanzia ni Caravan, Cessna 208. Ina injini moja na kwa utaratibu wake yaweza kurushwa na rubani mmoja. Lakini wateja wengine hutaka marubani wawili, na hapo ndipo nafasi ya kijana inapopatikana. Kwa hiyo ukiniuliza mtu mwenye saa 250 apige hodi wapi kwanza, nitakwambia anzia kwenye Caravan. Lakini usiache kutuma maombi kokote kunakotangazwa mafunzo ya marubani wapya, kwani siku ikitangazwa hupewa muda mfupi.

Pengo huvukwa kwa njia kama tatu. Ya kwanza ni kufundisha. Ukimaliza CPL unaweza kusomea kibali cha ukufunzi. Ni gharama ya ziada, ndiyo, lakini baada ya hapo ndege ni ya shule, mafuta ni ya mwanafunzi, na saa zinaingia kwenye daftari lako. Mkufunzi anayeruka saa 40 kwa mwezi anapata saa 300 kwa miezi saba au minane. Pia anakuwa hodari, kwa sababu hakuna kinachokufichua kwamba hujui jambo kama kumfundisha mwenzio. Ushauri wangu kwa wazazi: gharama ya ukufunzi iwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, iwe ni sehemu ya karo.

Njia ya pili ni kuingia kwa mlango wa chini. Mashirika yanahitaji watu wa operesheni, wa kupanga safari, wa kupima uzito wa mizigo, wa kukata tiketi, wa kupokea abiria. Kijana mwenye leseni anaona haya kufanya kazi hiyo. Ati amesomea urubani, vipi apakie mizigo? Lakini hebu fikiri. Rubani mkuu wa kampuni ana CV mia mezani. Mmoja wapo anamuona kila alfajiri saa kumi na moja, amefika kabla ya wengine, karatasi za uzito haziharibiki, hana kelele. Nafasi ya Caravan ikitokea, atamwita nani? Wachache niliowataja waliopata kazi, zaidi ya mmoja aliingia hivyo. Sisemi ni hakika, maana wako waliokaa operesheni miaka na hawakuitwa. Kwa hiyo ukiingia, uliza tangu mwanzo kama kampuni ina desturi ya kupandisha watu wake, na jiwekee muda.

Njia ya tatu ni kubaki tayari. Leseni si cheti cha kutundika ukutani. Cheti cha afya kinaisha. Kibali cha kuruka kwa vyombo nacho hupimwa upya. Kiwango cha Kiingereza cha ICAO, ukiwa daraja la nne, hupimwa upya kila miaka mitatu. Na ili kubeba abiria unatakiwa uwe umepaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90. Kijana anapigiwa simu Alhamisi, njoo Jumatatu, na cheti chake cha afya kiliisha mwezi uliopita. Nafasi imekwenda. Kwa hiyo kuna gharama ndogo ndogo za kubaki hai, na hizi ndizo familia inazosahau kabisa. Sherehe imeshafanywa, kila mtu anadhani mchango umekwisha.

Tuzungumzie karatasi. CV ya rubani ni ukurasa mmoja. Juu kabisa iandikwe leseni, vibali, tarehe ya mwisho ya cheti cha afya, na saa zako: jumla, saa ukiwa mwenye ndege, saa za injini mbili, saa za usiku, saa za vyombo. Mambo ya kwamba unapenda kusoma na kusafiri hayana kazi. Cheti cha tabia njema cha polisi kiwe tayari, pasipoti iwe tayari. Vijana wetu wa kaskazini na Pwani mnajua jinsi karatasi za kitambulisho na pasipoti zinavyoweza kuzungushwa. Anzeni mapema, msisubiri mpate kazi. Mkikwama njooni ofisini kwetu, hiyo ndiyo kazi yetu.

Na daftari la saa, ndugu zangu, liwe safi. Marubani wana utani kuhusu "saa za kalamu", yaani saa zilizorushwa mezani kwa wino. Msithubutu. Saa hizo hulinganishwa na vitabu vya ndege yenyewe, na ukikamatwa si kazi tu inayokwenda, leseni yenyewe iko hatarini. Hata usipokamatwa, siku ya mtihani kwenye simuleta, kile kifaa kinachoigiza ndege, mkono utasema ukweli. Na siku ya wingu zito juu ya Mlima Kenya, abiria nyuma yako hawataokolewa na wino.

Mahojiano yana sehemu kama tatu. Kuna maswali ya kitaaluma: hali ya hewa, injini, sheria za anga, hesabu za mafuta. Hayo ni kusoma, na mwenye kuyasahau ni yule aliyeacha vitabu siku ya sherehe. Kuna simuleta, ambapo hawatafuti fundi. Wanatazama kama unasikia unachoambiwa, na kama unaporekebishwa unarekebika. Halafu kuna maswali ya tabia, na hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu ndipo vijana wetu wazuri wanapoanguka.

Wataulizwa hivi: kapteni wako ni mtu mzima, ana saa elfu kumi, na unaona anafanya kosa. Utafanya nini? Kijana aliyelelewa vizuri, aliyefundishwa kutomkatiza mkubwa, anajibu, "Nitamheshimu, yeye ana uzoefu kuliko mimi." Jibu hilo linamkosesha kazi, na lina sababu yake.

Tarehe 27 Machi 1977, kule Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana uwanjani penye ukungu. Watu 583 walikufa. Kapteni wa KLM alikuwa mtu mwenye jina kubwa kwenye shirika lake. Mhandisi aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile nyingine imeondoka njiani. Akajibiwa kwamba imeondoka, naye akanyamaza. Ajali hiyo ni miongoni mwa zilizoifanya dunia ianze kuwafundisha marubani kufanya kazi kama kundi, mdogo aseme na mkubwa asikie. Na sisi tuna msiba wetu wenyewe. Tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways nambari 507 ilianguka usiku muda mfupi baada ya kupaa kutoka Douala, Kameruni. Watu wote 114 walikufa. Miongoni mwa mambo ambayo uchunguzi uliyataja ni udhaifu wa ushirikiano baina ya marubani wale wawili na kutofuatiliwa kwa vyombo. Sisemi hili kumlaumu marehemu yeyote. Nalisema kwa sababu anayekuuliza swali lile kwenye mahojiano ana misiba ya namna hiyo kichwani mwake.

Kwa hiyo jibu ni lipi? Kwanza unauliza: "Kapteni, tuna kimo sahihi?" Asiposikia, unasema wazi unachokiona. Asiposikia bado, unapendekeza la kufanya, kwa sauti. Na hatari ikiwa iko mbele ya macho, unachukua hatua. Huko si kumvunjia mzee heshima. Mzee mwenyewe ana watoto nyumbani wanaomsubiri. Mzoeze kijana wako hilo hapa hapa nyumbani: aweze kumwambia baba, kwa adabu na bila kutetemeka, "Hapa naona tofauti." Asipolijua kwa babake, hatalijua kwa kapteni.

Ukichaguliwa, soma mkataba kabla ya kusaini. Mafunzo ya aina ya ndege ni ghali, na shirika likikulipia huenda likakufunga kwa miaka kadhaa. Wenyewe wanaita bondi. Ukiondoka mapema unarudisha pesa. Hilo si dhuluma lenyewe, lakini ujue: ni kiasi gani, kinapungua kila mwaka au hakipungui, na ukifukuzwa au kampuni ikifungwa nani analipa? Leta mkataba tuusome na wakili. Na anayekuambia umlipe yeye mkononi ili akuingize kazini, huyo ni tapeli hata kama amevaa sare. Wako pia wanaokuuzia "saa" kwenye ndege za watu, ulipe ndipo ukae kiti cha kulia. Hapo uliza maswali mawili: saa hizi zitakubaliwa na KCAA, na bima ya ndege inanitambua? Ukikosa jibu lililoandikwa, ondoka.

Mwisho, tuelewe kwamba nafasi hufunguka kutoka juu. Kapteni wa ndege kubwa anapokwenda Ghuba, kwa Emirates au Qatar Airways, au anapofika miaka 65 na kustaafu safari za kimataifa, wa chini yake anapanda, wa Dash 8 anahamia kwenye jeti, wa Caravan anahamia Dash 8, na kiti cha Caravan kinabaki wazi. Mlolongo ukisimama juu, chini hakusogei. Mwaka 2020 tuliona. Machi safari za abiria za kimataifa zilisitishwa, za ndani zikarudi katikati ya Julai, na za nje mwezi wa Agosti. Marubani wenye maelfu ya saa walikuwa nyumbani, sembuse mwenye 200. Kwa hiyo kijana aliyekaa mwaka bila kazi si lazima awe mvivu au mjinga. Huenda foleni imesimama. Msimvunje moyo kwa utani wa barazani.

Ombi langu kwa familia na kwa jamii ni moja tu. Tunajua kuchanga. Harambee ya karo tunaiweza. Lakini tunachanga mpaka siku ya leseni, kisha tunamwacha mtoto katikati ya mto. Tugawe mchango huo. Kama uwezo wa familia ni milioni 4, msimpeleke kwenye shule itakayomaliza milioni 4. Tafuteni njia ya milioni 3, na ile moja iwekwe kando kwa ajili ya ukufunzi, cheti cha afya, na miezi ya kupanga chumba karibu na Wilson akipiga hodi. Kama haitoshi, heri angoje mwaka mmoja afanye kazi nyingine mkusanye, kuliko aanze na kukatikia njiani. Na kama hesabu inakataa kabisa, uhandisi wa ndege nao ni kazi ya heshima, na hakuna ndege inayopaa bila saini ya fundi.

Vijana wenye leseni ambao mko hapa, baada ya kikao hiki bakini kidogo. Nataka tuandike orodha: nani ana saa ngapi, cheti cha nani kinaisha lini, nani anatafuta ukufunzi. Na marubani wetu walioko kazini, wachache mlivyo, tunaomba saa moja tu kwa mwezi, mje mwahoji hawa mahojiano ya mazoezi, mwaulize yale maswali magumu hapa kabla hawajaulizwa kule. Fomu iko mezani kwa dada pale mlangoni.

 Maswali sasa.